Moto kijijini Tabora: mjipange vipi kabla gari la zimamoto halijafika

Kama uko kijiji cha ndani Sikonge, Uyui au Kaliua, mara nyingi gari la zimamoto litakuta paa la nyasi limeshaanguka. Umbali na barabara ndivyo vilivyo. Kazi yenu ni kuuzuia moto usihamie kwa jirani, na kuhakikisha gari likifika linaanza kazi bila kuzunguka.

Piga 114 kabla hujakimbilia ndoo. Taja wilaya, kata, kijiji na kitongoji kwa mpangilio huo, maana majina ya vijiji hujirudia. Sema kinachoungua, kama kuna mtu ndani, na kama kuna petroli au mitungi ya gesi. Usikate simu mpaka askari amalize kuuliza. Mwenyekiti ateue wapigaji wawili mapema. Watu kumi wakipiga, kila mmoja anataja alama yake na gari linapotea. Bodaboda mmoja akasimame njia panda ya barabara kuu, alipokee gari na kuliongoza.

Maji ndiyo yanayoangusha vijiji vingi. Gari lenye lita 4,000 likitoa lita 400 kwa dakika, tangi limekwisha ndani ya dakika 10. Baada ya hapo linategemea lambo lenu. Mwezi wa tisa na wa kumi maji yameshashuka, ukingo ni tope, na gari zito likisogea linanasa. Kwa hiyo kiangazi kinapoanza, chagueni sehemu moja yenye changarawe, mfyeke njia yenye upana wa mita 4, na muweke alama. Maji yakiwa chini ya pampu kwa zaidi ya mita 6, msiitegemee sehemu hiyo.

Chujio la bomba la kunyonya lizame karibu nusu mita. Likikaa juu juu linavuta hewa na pampu inakata. Likigusa chini linameza tope na majani. Liwekeni ndani ya tenga, kisha mlifunge kwa kamba kwenye dumu tupu la lita 20 linaloelea. Mambo ya kienyeji, lakini yanafanya kazi.

Bani la tumbaku, yaani banda la kukaushia majani, lina tabia yake. Jani likidondoka juu ya bomba linalopitisha joto la tanuru linashika, na moto unapanda kwenye fito zote. Ukifungua mlango "uone", umeupa hewa. Funga mlango na matundu, toa kuni kwenye tanuru uzizime, kisha lowesheni mapaa ya jirani. Kinga yake ni wavu wa waya juu ya mabomba, na kufunga majani vizuri yasichomoke.

Petroli ya chupa isimwagiwe maji, itaelea na kusambaa. Tumieni mchanga mkavu.

Kuzunguka nyumba na mabani, lima barabara ya kuzuia moto ya mita 3 hadi 5 mpaka udongo utokee. Kufyeka tu hakutoshi, kwani majani makavu yaliyolala hupitisha moto. Anayetaka kuchoma shamba apate kibali cha serikali ya kijiji, achome jioni upepo ukitulia, na asiondoke. Moto wa nyasi upigwe kwa matawi mabichi kutoka pembeni, kamwe usisimame mbele yake.

Ukizimika, wekeni zamu ya usiku. Visiki vya miombo hufuka chini kwa chini siku kadhaa. Chimbueni, mwageni maji, mshike udongo kwa mgongo wa mkono. Ukiwa bado wa moto, rudieni.