Visima vya chumvi Lamu: jinsi ya kutafuta makundi kwenye ramani kwa QGIS na GeoDa

Ukitaka kujua chumvi ya visima vya Lamu imejikusanya wapi, usiyaamini macho peke yake. Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa kale, nyumba zimebanana, na visima vimebanana nazo. Doti za kitu chochote zitaonekana zimerundikana huko, hata ukichora ramani ya paka. Tunachotafuta ni chumvi iliyojikusanya, si visima vilivyojikusanya. QGIS ni programu ya kuchora ramani, GeoDa ni ya takwimu za mahali, na zote mbili ni za bure.

Hatua ya 1: Kupima

Kwa kila kisima andika longitudo, latitudo na kipimo cha chumvi. Kipima chumvi kidogo cha mkononi kinatosha. Pima vyote, vitamu na vya chumvi. Ukipima vya chumvi tu hutakuwa na cha kulinganisha. Maliza kazi ndani ya siku chache. Ukipima nusu wakati wa bamvua na nusu wakati wa maji mafu, visima vya karibu na bahari vitakuvuruga. Hifadhi kama CSV, yaani jedwali la kawaida lenye safu.

Hatua ya 2: Kuingiza kwenye QGIS

X ni longitudo, Y ni latitudo. Lamu mjini ni kama 40.90 na -2.27. Ukisahau ile alama ya kutoa, visima vyako vitahamia kaskazini mwa Kenya, karibu na mpaka wa Somalia.

Hatua ya 3: Kutoka nyuzi hadi mita

Hapa ndipo nilipoaibika mara ya kwanza. Niliandika umbali wa 50 nikidhani ni mita, na visima vyote vikawa kundi moja. Tabaka langu, yaani visima kama vilivyo kwenye ramani, lilikuwa bado katika EPSG:4326, mfumo wa kuratibu ambao hupima kwa nyuzi, na nyuzi 50 kutoka Lamu kwenda kaskazini zinakufikisha Urusi. Geuza tabaka liwe EPSG:32737, yaani UTM kanda ya 37 kusini, inayopima kwa mita, ndipo uendelee.

Hatua ya 4: DBSCAN

DBSCAN ni njia ya kutafuta makundi ya doti zilizokaribiana. Fungua kisanduku cha zana cha QGIS, andika DBSCAN. Itakuuliza mambo mawili: idadi ndogo kabisa ya doti za kuitwa kundi, na umbali wa juu kati yao. Anza na 4 na mita 60, kisha jaribu 40, kisha 100. Namba sahihi haitoki kwenye programu. Ni wewe unayejua vichochoro na unayejua kisima kimoja kinaweza kuvuta maji ya kingine kutoka wapi. Ukiweka mita 300 mji wote wa kale utashikana kuwa kundi moja.

Endesha mara mbili: kwanza kwa visima vya chumvi peke yake, halafu kwa visima vyote. Makundi yakitokea pale pale mara zote mbili, umechora ramani ya nyumba tu.

Hatua ya 5: Moran ya mahali kwa GeoDa

DBSCAN haijui kipimo cha chumvi, inajua mahali tu. Moran ya mahali hulinganisha chumvi ya kila kisima na ya majirani wake. Kwa hiyo hifadhi visima vyote kama SHP, aina ya faili la ramani, ufungue GeoDa. Kwanza tengeneza faili la ujirani, kila kisima kipewe majirani 4 wa karibu.

Simama hapo kwanza. Programu hupima kwa mstari ulionyooka na haioni mkondo wa bahari. Kama una visima vya Shela na vya Manda katika faili moja, kisima cha Shela kinaweza kupewa jirani wa ng'ambo, ilhali maji yao ya ardhini hayakutani. Changanua kila kisiwa peke yake.

Kisha endesha Moran ya mahali, kipimo alichokieleza Luc Anselin mwaka 1995. GeoDa huvigawa vipimo vyako upya kwa bahati nasibu mara 999, ione kama mpangilio wako ungeweza kujitokea tu. Nyekundu ni chumvi nyingi iliyozungukwa na chumvi nyingi, buluu ni visima vitamu kati ya vitamu. Kwa kiwango cha 0.05, yaani nafasi 5 kati ya 100 za kudanganywa na bahati, ukiwa na visima 60, tarajia kama 3 vipate rangi kwa bahati tu. Mimi hushuka hadi 0.01 nione kinachobaki.

Hatua ya 6: Kurudi na ndoo

Usikimbilie nyekundu. Tazama kwanza rangi ya waridi, kisima cha chumvi kati ya vitamu. Mimi nilikipata kimoja Mkomani nikadhani nimekosea kuandika. Nikaenda kupima tena. Ni chumvi kweli. Bibi mwenye nyumba akanicheka: "Mwanangu, ungeniuliza mimi. Tangu waweke pampu hapo nyuma, hata chai haipikiki." Maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, na pampu ikivuta kwa nguvu chumvi hupanda. Siku hiyo niliongeza safu moja kwenye CSV: pampu, ndiyo au hapana.