Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kupimwa ukeni kama ulishatolewa kizazi

Dada zangu, msidanganywe eti kizazi kikishatoka hamna cha kupima tena. Kama kilitolewa kwa uvimbe tu na shingo ya kizazi ilikuwa safi, sawa, wengi wenu hamhitaji. Ila kama shingo ilikuwa na mabadiliko ya awali ya saratani, kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani hiyo, kinaweza kubaki na yale mabadiliko yakaota ukeni, hasa kule juu kwenye mshono, na mara nyingi hayaumi wala hayawashi.

Siku mbili kabla, usifanye tendo, usijisafishe ndani, usiweke dawa. Umekoma hedhi? Muulize daktari kuhusu krimu ya homoni ya estrojeni wiki chache kabla, uke mkavu unachanganya majibu. Una VVU au unavuta sigara, sema.

Sasa karatasi za majibu ya maabara. Nisikilizeni hapa.

Mimi nilitolewa 2014, damu ilikuwa haikatiki, nikaambiwa uvimbe, kizazi kikapelekwa maabara mi nikarudi nyumbani kuuguza kidonda, majibu sikuyafuata na hakuna aliyenipigia. 2018 nikaanza kuona damu kila baada ya tendo, kidogo tu, kama doa la chai kwenye chupi. Zahanati ya kwanza dawa ya fangasi, ya pili UTI, ya tatu fangasi tena, mwaka ukaisha hivyo hivyo. Mpaka daktari mmoja wa kina mama akaniuliza, "Mama, majibu ya kizazi yalisemaje?" Nikabaki namtazama.

Nikapanda daladala mpaka ile hospitali, kijana wa maabara akatoa daftari kubwa limechakaa kona, akashuka na kidole mstari kwa mstari, jina langu hili hapa: uvimbe, halafu chini yake, shingo ya kizazi CIN 3. Yaani hatua ya mwisho kabla ya saratani, imelala humo miaka yote hiyo!

Daktari alivyoisoma tu akajua pa kutafuta. Akapaka siki, akapaka iodini, akaanza kukunjua zile kona mbili za mshono ambako ngozi inajificha, kote kukawa kahawia ila kona ya kulia ikabaki njano, dalili kwamba pana shaka. Akakata kinyama kidogo pale pale kikapimwe maabara. Kikarudi VaIN 3, yaani mabadiliko ya ukeni daraja la 3, haijawa saratani, nikafanyiwa upasuaji kuondoa kile kipande.

Kwa hiyo usikubali tiba kabla kinyama hakijapimwa. Daraja la 1 mara nyingi linaangaliwa tu, linaweza kuondoka lenyewe, la 2 na la 3 linatibiwa, kwa kukata, leza au krimu kama imikwimodi, na uliza mapema kuhusu tendo la ndoa maana kukata kunaweza kufupisha uke, usione aibu. Ukishatibiwa rudi, haya mambo yana tabia ya kurudi. Miongozo ya Marekani ya 2019 inasema aliyetolewa kizazi kwa CIN 3 apimwe HPV kila mwaka mara 3, kisha kila miaka 3 kwa angalau miaka 25. Piga picha kila karatasi uiweke kwenye simu, mtumie na binti yako, na hao wanaouza vidonge vya mitishamba vya kuweka ukeni wapite mbali, na damu yoyote, hata doa, usingoje mwezi uishe.