Kabla ya kununua rampu za kupandishia ATV kwenye pikapu

Wengi wakienda kununua rampu za kupandishia ATV, yaani pikipiki ya magurudumu manne, huuliza jambo moja tu: zinabeba kilo ngapi? Swali hilo ni la lazima, lakini mimi siihofii sana rampu inayovunjika. Naihofia zaidi ile iliyo nzima na imara, ambayo huchomoka ghafla kwenye mlango wa nyuma wa pikapu wakati magurudumu ya mbele yameshafika juu. ATV nyingi za kazi zina uzito wa kilo 300 na ushei, na ikibinuka kinyumenyume, aliyeikalia ndiye anayekuwa chini yake.

Kwa hiyo anza na futi kamba. Egesha pikapu mahali tambarare, fungua mlango wa nyuma, kisha pima kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wake. Gari liwe tupu, maana springi zikiwa hazijalemewa ndipo mlango unapokuwa juu zaidi. Tuseme umepata sentimita 90. Rampu yenye urefu wa mita 1.8 itakaa kwa mwinamo wa nyuzi 30, na huo ni mkali mno. Ya mita 2.4 inakupa nyuzi 22 hivi, na ya mita 3 inateremka hadi karibu 17. Ushauri wangu ni kuchukua ndefu kadiri unavyoweza kuibeba na kuihifadhi. Zipo zinazokunjwa katikati, zikaingia kwenye bodi bila shida. Zilizopinda kidogo kama upinde nazo zina faida, kwa sababu hupunguza ile kona ya juu ambapo tumbo la ATV hupenda kukwama. Na ukikuta tuta, rudisha gari kinyumenyume ili rampu ziegemee juu yake. Mwinamo utapungua bila kutumia hata senti.

Sasa uzito. Jumlisha uzito wa ATV yenyewe, mafuta, mizigo iliyofungwa kwenye keria na mtu atakayeiendesha, kisha tafuta rampu zinazozidi jumla hiyo kwa kiasi cha kutosha. Soma lebo kwa makini: kiwango kilichoandikwa mara nyingi ni cha jozi, kwa maana kila rampu inabeba nusu tu. Kumbuka pia kwamba kwenye mwinuko uzito haugawanyiki sawasawa, bali mwingi unarudi kwenye magurudumu ya nyuma. Mlango wa pikapu nao una kikomo chake. Angalia kitabu cha gari, halafu kagua zile nyaya mbili zinazoushikilia. Ikiwa nyuzi zake zimeanza kukatika au zina kutu, zibadilishwe kwanza.

Upana wa rampu uzidi upana wa tairi, na nafasi kati yake ilingane na nafasi ya magurudumu, ya mbele na ya nyuma pia, kwani hayalingani kila mara. Aluminiamu ni nyepesi na haili kutu. Chuma ni kizito, lakini kinafaa mradi uchunguze mahali palipochomelewa. Mbao tupu zisizo na vishikio vya chuma kichwani siziafiki hata kwa safari moja: zikilowa zinateleza, na hakuna kinachozishika mlangoni.

Hapa ndipo tunarudi kwenye kuchomoka. Magurudumu yanapovuta ATV kupanda, yanaisukuma rampu upande wa pili, yaani nyuma, mbali na gari. Ule mdomo unaolalia ukingo wa mlango ni wa sentimita chache tu, na mpira uliobandikwa chini yake hauwezi kushindana na injini. Kinachoizuia ni mnyororo au mkanda wa kukazia. Kila rampu iwe na wake, ufungwe kwenye chesisi au kwenye ndoano ya kuvutia trela. Usiufunge kwenye bampa la plastiki. Kaza mpaka ukiivuta rampu kwa mikono miwili isicheze. Rampu zinazouzwa bila sehemu ya kufungia mkanda, ziache dukani.

Gari nalo lisisogee: handbreki juu, gia ndani, kabari mbele na nyuma ya matairi. Watoto na watazamaji wakae mbali, hasa nyuma ya rampu. Mwendeshaji avae helmeti, aingize gia nzito na magurudumu yote manne kama mashine inaruhusu, auelekeze mwili mbele, apande polepole kwa mwendo usiobadilika. Kuongeza mafuta ghafla pale juu ndiko kunakorusha rampu. Kama una winchi, yaani mashine ya kuvutia kwa kamba, itumie, ubaki umesimama pembeni.

ATV ikishafika juu, vuta breki yake na uikaze kwa mikanda minne kabla ya kugusa rampu. Wakati wa kushusha zifunge upya kwa uangalifu uleule. Wengi hupuuza wakidhani kushuka ni rahisi, ilhali ukishika breki katikati ya mteremko, matairi yanaisukuma rampu chini, upande uleule wa kuchomoka.