Mjomba Akileta Mchoro Wake: Namna ya Kuupokea na Kuutundika

Dakika ya kwanza ndiyo inayoharibu. Mjomba amestaafu, ameshika brashi, leo ameingia sebuleni na hadibodi yenye jahazi kwapani, na watu wanatazamana. Kabla mtu hajasema neno, upokee mchoro kwa mikono miwili, ukishika kingo tu. Rangi ya mafuta hukauka juu kwanza, lakini chini hubaki laini kwa siku kadhaa au zaidi. Kidole kikibonyea, alama haitoki. Kwa sababu hiyo hiyo usiufunge kwenye nailoni, itanata. Uegemeze kitini penye mwanga wa dirisha, kisha rudi nyuma hatua tatu. Ukitazamwa kwa karibu huonekana madoa matupu, na hapo ndipo maneno mabaya yanapotoka.

Swali baya kuliko yote ni "Hiki nini?" Linalofuata kwa ubaya ni "Umejitahidi." Likisemwa peke yake, mwenye kazi husikia kwamba ameshindwa. Anza na "Mashaallah, mjomba," halafu taja kitu kimoja unachokiona, kwa jina lake: tanga, foromali (ule mti unaoshika tanga juu), maji yaliyokupwa. Kisha uliza la kazi: "Hii bluu ya huku chini umeichanganya na nini?" Akishaanza kueleza, aibu huwatoka nyote.

Picha ya uso ndiyo ngumu. Bibi amechorwa, hafanani, na watoto wameanza kubanana mbavu. Hao wasemeshwe mapema, mchoro haujafunuliwa. Mara nyingi kosa ni moja: macho yamepandishwa mno. Ukipima kutoka utosini hadi kidevuni, macho ya mtu mzima yako karibu na katikati kabisa. Anayeanza hushughulika na macho, pua na mdomo, akalipunja paji la uso, na sura ikawa ya mtu mwingine. Usiliseme mbele ya wageni. Subiri aulize, mkiwa wawili, mpe rula apime mwenyewe.

Kosa moja kwa siku latosha. Kwenye jahazi, tazama kama tanga limejaa huku na bendera inapepea kule. Hilo mvuvi yeyote ataliona, basi afadhali alisikie nyumbani kwanza. Akitaka kukosolewa zaidi, Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa; watu wa fani wapo hapo hapo mjini.

Sasa utundikwe, tena leo leo. Mchoro uliosukumwa nyuma ya kabati umeshajibu kwa niaba yenu. Kwenye nyumba za mawe plasta ya chokaa ni laini, msumari hulegea; toboa kwa drili tundu la milimita 6, weka plagi na skrubu. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Ukuta wa pwani una unyevu, hadibodi huunyonya ikapinda na kuota koga, kwa hiyo gundisha vipande vya ndala kuukuu nyuma ya pembe mbili za chini, hewa ipite. Chumba kikiwa cha kuswalia, picha ya mtu au mnyama iende ukumbini, na mjomba aambiwe sababu kabla hajaiona imehamishwa.

Ukitaka kumsaidia, usimtilie noti mkononi. Mletee kopo la rangi nyeupe. Ndiyo inayomwishia kwanza.