Pupa ya nondo: itambue ungali na jembe mkononi

Kila msimu wa kuvuna viazi vitamu huku Kabare, Kivu Kusini, watu huniletea kopo lile lile: ndani mna kitu cha kahawia, kigumu, kinatikisa mkia. Ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga akingoja kuwa nondo, yule ndugu wa kipepeo. (Si ile pupa inayomnyima mtu kula tamu, ingawa wengi huipasua kabla ya kuitazama.)

1. Anza na miguu. Ya nondo imegandamana na mwili, pamoja na mabawa na vipapasio, kama michoro tu. Miguu ikiwa imeachana na mwili, tena myeupe, huyo ni mbawakawa. Kipipa laini kisicho na alama ya bawa wala mguu ni cha nzi.

2. Uliikuta wapi? Inayoning'inia wazi na yenye pembepembe, mara nyingi ni ya kipepeo. Nondo wengi hujificha udongoni au katika kifuko cha hariri.

3. Pima. Pupa ya kiwavijeshi wa mahindi (Spodoptera frugiperda) ni ya hudhurungi, milimita 14 hadi 18. Ya nondo wa viazi vitamu (Agrius convolvuli) hufika sentimita 5 na zaidi.

4. Hapa ndipo penye utamu. Agrius ana mrija wa kunyonyea uliozidi urefu wa mwili wake. Ndani ya pupa hauenei, basi umejikunja nje ya kichwa kama mkono wa birika. Ukiuona huo, huna haja ya lupe (kioo cha kukuzia). Pupa kubwa inayong'aa, isiyo na mkono, inaweza kuwa ya Acherontia atropos, mwenye alama ya fuvu mgongoni. Huyo ni mwizi wa asali mizingani, na mrija wake ni mfupi.

Maswali

*Mama wa Bagira:* Papa Mwalimu, yangu haitikisiki. Imekufa?

Si lazima, Mama, baridi huilaza. Ikiwa nyepesi na imepasuka mgongoni karibu na kichwa, nondo ameshatoka. Ikiwa na kitundu cha mviringo, huenda nyigu mdogo alimla ndani.

*Mwanafunzi, Kadutu:* Dume na jike je?

Hapo lupe inahitajika. Igeuze tumbo juu: mfuo wa uzazi wa jike uko pingili ya 8 ya tumbo, wa dume ya 9. Rangi isikudanganye.

*Papa wa Walungu:* Mimi nimeikuta ndani ya kiazi chenyewe, nyeupe.

Rudi hatua ya 1, Papa. Huyo ni fukusi wa viazi, aina ya mbawakawa. Kiazi hicho kitakuwa kichungu. Usikile, wala usikiache shambani.