Kabla ya kuwasha mota: kumfundisha mtoto na mzee kuendesha skuta ya umeme

Skuta ya umeme huonekana rahisi kuliko baiskeli, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Magurudumu yake ni madogo, mara nyingi inchi 8 hadi 10, kwa hiyo kishimo ambacho baiskeli hukipita bila shida kinaweza kulikwamisha gurudumu la mbele na kumrusha mpandaji juu ya usukani. Tena mpandaji amesimama, uzito wake wote uko juu. Ndiyo maana siku ya kwanza mota haiwashwi. Mwanafunzi aanze kwa kujua kusimamisha chombo. Kuondoka ni kazi nyepesi.

Skuta yenyewe

Usukani ufike usawa wa kiuno au juu yake kidogo, na vidole viufikie wenzo wa breki bila kunyooka hadi mwisho. Wenzo nyingi zina skrubu ndogo ya kuzisogeza karibu na mshikio. Irekebishe kwa mtoto mwenye vidole vifupi na kwa mzee mwenye maumivu ya viungo. Mtoto asipewe skuta ya mtu mzima kwa hoja kwamba atakua: ni nzito kwake, na ikianza kulala upande hawezi kuizuia.

Kagua komeo la pale inapokunjwa. Shika breki, sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia unacheza, kaza kabla ya mtu kupanda. Tairi za upepo zijazwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni mwake. Kisha sukuma skuta huku mota imezimwa na breki imeshikwa: isikubali kwenda. Jaribio hili lina maana kubwa, kwa kuwa breki ya umeme haishiki skuta ikiwa imezimwa. Ukikuta chombo hakina breki nyingine inayofanya kazi, usikitumie kufundishia.

Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya sikio, na kati ya mkanda na kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja. Ongeza vikinga viwiko, magoti na hasa viganja, maana anayeanguka hutanguliza mikono. Viatu viwe vya kufunika mguu.

Uwanja na hatua

Tafuta sakafu ngumu, kavu na tambarare, yenye urefu wa mita 30 hivi, isiyo na magari wala watu wanaokatiza. Nyasi zinaonekana salama lakini huifanya skuta iende kwa kukwama, na chombo kinachokwama ni kigumu kukisawazisha.

1. Mota ikiwa imezimwa, mwanafunzi aweke mguu mmoja juu ya ubao wa kusimamia, upande wa mbele, na kusukuma kwa mwingine. Ajaribu miguu yote miwili na achague unaomtulia mwenyewe.
2. Akipata mwendo, apandishe mguu wa nyuma na kuuweka mshazari kidogo. Magoti yalegee, macho yatazame mita 5 hadi 10 mbele. Ateleze mita 5 bila kugusa chini.
3. Chora mstari kwa chaki. Asimame hapo kwa kurudisha nyonga nyuma, kukunja magoti na kubana breki polepole ikizidi kukaza. Mguu ushuke mwisho kabisa. Rudieni hadi asimame mara 10 mfululizo bila kuupita mstari kwa zaidi ya nusu mita.
4. Sasa washa mota, kwa kasi ya chini kabisa. Skuta nyingi hazivuti hadi mpandaji azisukume kufikia kilomita 3 hadi 5 kwa saa. Usiuondoe mpangilio huo, maana huzuia skuta kuchomoka kwa kidole kilichogusa kwa bahati mbaya.
5. Panga chupa zilizojaa maji, mita 3 kati ya moja na nyingine, azizunguke. Atazame anakotaka kwenda. Akikodolea chupa, ataigonga.

Usishike usukani wakati unamsaidia. Mikono yako ikiongoza, yake haijifunzi. Tembea ubavuni, kiganja kikiwa karibu na mgongo wake bila kumsukuma.

Kosa linaloangusha wengi ni la kidole gumba. Skuta ikivuta ghafla, mwili hubaki nyuma, mikono hukaza ili isiponyokwe, na kule kukaza ndiko kunakozidi kubonyeza eksileta, yaani kidude cha kuongeza mwendo. Kwa hiyo mwinamishe mbele kidogo kabla hajabonyeza, na umzoeze kuinua kidole kwenye eksileta kila unaposema "achia". Fanyeni zoezi hili hata kama anaona anajua.

Mtoto

Dakika 20 zinatosha. Akichoka huacha kutazama mbele. Mtoto hujifunza usawa haraka lakini hawezi kukadiria kasi ya gari linalokuja. Akizoea, mwongezee ugumu wa zoezi, si kasi. Mmoja kwa skuta moja, siku zote: abiria husogeza uzito nyuma, gurudumu la mbele likawa jepesi na usukani ukayumba.

Mzee

Kwanza asimame kwa mguu mmoja sekunde 10 karibu na ukuta, kisha ageuze shingo kutazama nyuma bila kuyumba. Muulize kwa heshima, faraghani, kuhusu dawa zinazoleta kizunguzungu au zinazofanya damu isigande. Akizitumia, aongee na daktari kwanza. Miwani yenye sehemu ya kusomea chini huifanya ardhi ya miguuni ionekane kwa ukungu, basi avae ya kuonea mbali.

Mwili wake huelekea kukakamaa, na hofu huzidisha. Mpe mapumziko mengi na usimhimize mbele ya wajukuu. Usawa ukikataa, kuna vyombo vya magurudumu matatu au vyenye kiti, na kuvichagua si aibu yoyote. Navyo huweza kupinduka kwenye kona, kwa hiyo apunguze mwendo kabla ya kukata.

Kutoka uwanjani

Angalieni kwanza sheria za mahali mlipo. Ujerumani na Ufaransa, kwa mfano, haziruhusu aliye chini ya miaka 14 kuendesha barabarani.

Kwa kilomita 20 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka humpeleka mtu mita 5.5, na breki huhitaji nyingine 5 hivi hata pakiwa pakavu. Kwa kilomita 10, jumla ni kama mita 4. Reli na kingo zikatizwe kwa pembe mraba. Mistari ya rangi na vifuniko vya chuma huteleza vikilowa. Dimbwi lihesabiwe kuwa shimo. Kuachia mkono mmoja ili kuonyesha ishara huyumbisha skuta vibaya. Asiyeweza apunguze mwendo, atazame nyuma, au ashuke na kuvuka akiikokota.

Safari ya kwanza iwe kwenye njia aliyokwisha kuitembea kwa miguu. Wewe uwe nyuma yake, upande wa magari, umbali ambao sauti yako inamfikia bila kupayuka.