Kujifunza Usanifu kwa Kompyuta na Kuunda Mifano ya Majaribio kwa Kutumia Korosho

Mtu anayetaka kujifunza usanifu kwa kompyuta mara nyingi huanza kwa kufungua programu na kufuata masomo ya video, na baada ya mwezi mmoja anajikuta anajua vitufe vingi ilhali hajapima, kuchora na kujaribu kitu hata kimoja cha kwake. Kwa msomaji aliyeko Mtwara, Newala au Tandahimba, ninapendekeza aanze na korosho. Inapatikana, haina pembe mraba hata moja, na hakuna korosho mbili zinazolingana, jambo ambalo litamfundisha mapema kwamba mchoro mzuri ni ule unaokubali kubadilishwa.

Kazi yenyewe ni hii. Mashine ya mguu ya kubangulia korosho ina visu viwili vilivyopindwa kufuata umbo la korosho; mbanguaji huiweka korosho katikati, hukanyaga pedali, na visu hukata ganda kuizunguka bila kufikia kiini. Ukitaka kuboresha visu hivyo, lazima kwanza uujue mpindo wa korosho. Kwa hiyo utaunda kikalio, yaani kitalu kidogo chenye kishimo ambamo korosho inalala hadi nusu ya unene wake bila kuchezacheza.

Nunua kalipa ya milimita 150, yaani kifaa chenye taya mbili cha kupimia vitu vidogo, kabla ya kufikiria kompyuta mpya. Chukua korosho 30 zenye maganda, uzipime urefu, upana na unene, na uandike kila kipimo kwenye jedwali. Usizipasue kwa mikono mitupu, kwa maana mafuta ya ganda bichi huunguza ngozi. Kikalio changu cha kwanza nilikichora kwa kupima korosho moja tu, tena niliyoichagua kwa uzuri wake, nacho kilizikataa karibu zote zilizobaki kwenye kikapu. Wala wastani hautakuokoa, kwa sababu kishimo cha kipimo cha wastani hakitaingiza korosho zilizo kubwa kuliko hapo. Zigawe katika madaraja matatu, na kila daraja lipate kikalio chake kwa kufuata korosho iliyo kubwa zaidi ndani yake. Ili kupata mpindo, ilaze korosho juu ya karatasi ya grafu na uizungushie penseli iliyosimama wima.

Programu ninayoipendekeza ni FreeCAD, ambayo ni ya bure, ilifikia toleo la 1.0 mwezi Novemba 2024, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Anza na mchoro bapa, uuwekee masharti ya vipimo, kisha uupe kina. Masharti ndiyo moyo wa jambo lote: unaiambia programu kwamba mstari huu una urefu fulani, duara hili linagusa mstari ule, na vitovu hivi viwili viko kwenye mhimili mmoja, hadi mchoro unapogeuka kuwa wa kijani kuonyesha kwamba hakuna sehemu iliyobaki huru. Mwanafunzi asiye na subira hukimbilia kutoa kina mchoro ukiwa bado unaelea, na siku anapobadilisha kipimo kimoja umbo zima humvurugikia. Vipimo vyenyewe viweke kwenye jedwali lililo ndani ya programu, uviunganishe na mchoro. Hapo utahitaji kubadilisha namba tatu tu ili kikalio cha daraja la kwanza kigeuke kuwa cha daraja la pili.

Mfano wa kwanza hauhitaji mashine ya gharama. Chapisha mchoro kwenye steshenari kwa ukubwa wake halisi, uubandike juu ya kadibodi au soli ya kandambili kuukuu, ukate, kisha ujaribishe korosho zako. Kompyuta nyingi hupunguza mchoro kimyakimya ili ujae vizuri kwenye karatasi, kwa hiyo chora pembeni mstari wa milimita 100 na uupime kwa rula kabla ya kushika mkasi.

Ukiridhika, ndipo uende kwenye printa ya 3D. Printa za kuyeyusha uzi wa plastiki zilishuka bei baada ya hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi huo, ya Mmarekani Scott Crump kumalizika mwaka 2009, wakati ambapo mradi wa RepRap, ulioanzishwa na Adrian Bowyer nchini Uingereza mwaka 2005, ulikuwa tayari unagawa bure michoro ya printa za kujiundia. Pua ya kawaida ya printa, inakotokea plastiki iliyoyeyuka, ina tundu la milimita 0.4, na tabaka la milimita 0.2 linatosha kwa kazi hii. Matundu hutoka madogo kidogo kuliko ulivyoyachora. Chapisha kwanza kipande chenye matundu ya milimita 8.0, 8.2, 8.4 na 8.6, uone ni lipi linalopitisha bolti ya milimita 8, nawe utakuwa umeijua tabia ya printa hiyo. Kumbuka pia kwamba plastiki hii hupasuka kwa urahisi kati ya tabaka na tabaka, basi ilaze kazi ili nguvu isivute kuyatenganisha.

Hewa ya pwani ina unyevu, na uzi unaufyonza. Ukisikia mlio wa kukaanga kwenye pua au ukiona nywelenywele juu ya kazi, uzi umelowa. Uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya kukausha. Dhidi ya kukatika kwa umeme, dawa yangu ni kugawa kazi katika vipande vya saa moja moja badala ya kipande kimoja cha saa sita. Uzi wa PLA, aina ya plastiki inayotumika sana kwenye printa hizi, nao hulainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, kwa hiyo usiache kikalio ndani ya gari lililofungwa juani, wala usikitumie kwa korosho zilizotoka kwenye mvuke.

Plastiki haitabangua korosho. Kazi yake ni kuthibitisha umbo. Mpindo ukikubalika, mpelekee mchoro fundi wa chuma atengeneze visu, na kikalio cha kudumu kisubiwe kwa alumini, kile cha plastiki kikitumika kama kielelezo cha kufanyia kalibu ya mchanga, yaani tundu ambamo alumini iliyoyeyuka humiminwa. Alumini hunywea kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa, hivyo urefu wa milimita 100 uuchore 101.3, na kuta uzipe mteremko wa digrii mbili ili kielelezo kitoke mchangani bila kuuvunja. Mwachie msubu korosho tatu, moja ya kila daraja, azijaribishe mwenyewe kabla hujaenda kuchukua kazi.